Kiwavi Mwenye Pembe na Mipapai ya Mama

Mwaka wa kwanza niliporudi kulima viazi vitamu katika shamba la mama, upande wa Sengerema, mahali ambapo ukisimama juu ya kichuguu unaliona Ziwa Victoria, niliamini kwamba adui yangu angekuwa fukusi, kwa sababu fukusi ndiye niliyekua nikisikia akilaaniwa kila kiangazi viazi vilipofukuliwa vikiwa na matundu na uchungu usioondoka hata kwa kuchemshwa. Kiwavi sikumfikiria kabisa. Ilikuwa wiki ya tatu tangu kupanda, mvua za vuli zikiwa zimekolea na marando yakiwa yameshika na kuanza kutambaa juu ya matuta, nilipofika shambani asubuhi na kukuta matuta manne ya upande wa bondeni yamebaki vikonyo vitupu. Majani hayakuwa yamenyauka wala kukauka. Hayakuwapo.

Kwa kuwa sikuona mdudu yeyote, nilimhukumu mbuzi. Jirani yetu ana mbuzi wanaofungwa kwa kamba zilizochakaa, nami nilikwenda kwake nikiwa na maneno tayari mdomoni. Mzee huyo hakubishana nami. Alichukua fimbo yake, tukarudi wote shambani, akachutama kwenye tuta la pili na kuniambia, "Mbuzi akila rando, mwanangu, hulivuta mpaka mizizi ikang'oka. Huyu amekula jani akaacha kikonyo kimesimama. Usitazame juu, tazama chini." Chini, juu ya udongo ulioloa, palikuwa na vinyesi vya kijani kinachoelekea weusi, vikubwa kama punje za pilipili manga, kila kimoja kikiwa na mifereji ubavuni kana kwamba kimechongwa kwa ncha ya kisu. Mzee alifuata vinyesi vile mpaka kwenye rando lililokuwa juu yake, akaligeuza taratibu, na hapo nikamwona kiwavi mrefu na mnene kuliko kidole changu cha kati, ameshika shina kwa miguu yake ya nyuma, rangi yake ni ile ile ya jani, ubavuni ana michirizi ya mshazari, na mwishoni mwa mgongo ana pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Nilikuwa nimepita mbele yake zaidi ya mara moja asubuhi ile. Alipoguswa na fimbo aliinua sehemu ya mbele ya mwili wake, akainamisha kichwa na kutulia kama sanamu. Niliomba radhi kwa ajili ya mbuzi, na mzee akapokea radhi yangu bila kunirudishia neno.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na nalisimulia kwa sababu naona linavyorudiwa na wakulima wengi wa umri wangu. Siku ileile nilipanda pikipiki hadi kwenye duka moja la pembejeo, nikasema nina viwavi, na muuzaji, bila kuniuliza ni zao gani, lina umri gani, wala viwavi hao wana ukubwa gani, akanikabidhi chupa ya dawa ambayo karatasi yake ya maelezo ilikuwa imebanduka nusu. Nilinyunyiza jioni. Mama alipotoka na ungo wake kwenda kuchuma matembele ya mboga, kama alivyofanya kila jioni tangu nimjue, alinikuta na bomba mgongoni, akasimama kwenye kingo ya shamba na kuniuliza, "Hayo majani tunayala sisi, mwanangu. Sasa tule nini?" Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili na zaidi nyumba yetu ilinunua mboga huku shamba zima la matembele likiwa uani kwetu, na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba wale viwavi wakubwa niliowakusudia hawakufa wengi, na waliotoweka hawakutoweka kwa sababu ya dawa yangu. Walikuwa wamekwisha shiba na kuingia ardhini.

Bibi shamba wa kata yetu ndiye aliyenionyesha hilo. Hakunihubiria habari za dawa. Aliniambia nitafute ndoo ya plastiki, niijaze udongo wa shambani hadi nusu, niweke marando mabichi juu yake, nitie viwavi kumi wa ukubwa mbalimbali, nifunike kwa kipande cha chandarua kikuukuu, kisha nitazame kila siku na kuandika. "Ukishamjua anakaa wapi kwa siku ngapi," alisema, "utajua mwenyewe cha kumfanya." Nilikuwa nimezoea kupewa maagizo, na huyu mama alinipa kazi ya kutazama. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Mdudu mwenyewe ni nondo. Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alimwandika katika orodha yake ya mwaka 1758 kwa jina la Sphinx convolvuli, na leo wataalamu humwita Agrius convolvuli, wa familia ya Sphingidae. Jina hilo la sfinksi linatokana na ule mkao niliouona siku ya kwanza, kifua kimeinuliwa na kichwa kimeinama, unaofanana na sanamu kubwa ya mawe iliyolala huko Giza nchini Misri. Convolvuli inaelekeza kwenye jamii ya mimea anayoila, ile yenye maua ya umbo la tarumbeta, ambamo kiazi kitamu kimo pamoja na magugu yanayotambaa kwenye kingo za mashamba yetu na kuchanua maua ya zambarau. Nilipotambua kwamba magugu yale ni ndugu wa kiazi, nilielewa kwa nini matuta yaliyoliwa kwanza yalikuwa ya upande wa bondeni, ambako nilikuwa sijapalilia kingo.

Jike hutaga mayai madogo yanayong'aa, ya mviringo, na huyataga moja moja, leo kwenye jani hili na kesho kwenye jani la tuta jingine, upande wa juu au wa chini wa jani. Hili la kutaga moja moja ni jambo la kuzingatia sana. Tunao viwavi wengine wa viazi huku Kanda ya Ziwa, wale weusi wenye miiba ambao ni watoto wa kipepeo na ambao hukaa kwa makundi ndani ya utando, kiasi kwamba ukichuma majani machache yenye utando umeondoa kundi zima. Huyu mwenye pembe hana kundi. Anapoanguliwa, baada ya siku chache, ni kijitu cha milimita chache, cheupe kinachoelekea ukijani, chenye pembe nyeusi iliyosimama wima kama uzi mgumu, na tundu analolitoboa kwenye jani ni dogo mno hata huwezi kulijali. Kisha hujivua ngozi mara kadhaa, na kila akijivua anakuwa mnyama mwingine kwa ukubwa.

Viwavi wa kwenye ndoo yangu walinifundisha hesabu ambayo sikuitegemea. Kwa muda mrefu wa maisha yao nilikuwa nikiwawekea majani mawili au matatu asubuhi, na jioni nayakuta yamebaki mengi. Walipofika ngozi yao ya mwisho, wakiwa wanakaribia sentimita tisa, niliweka rando zima lenye majani kumi na mawili saa moja asubuhi, na saa sita mchana nikakuta vikonyo. Usiku nilikuwa nikiwasikia wakitafuna, mlio mdogo mkavu kama wa mtu anayechana karatasi taratibu chumba cha pili. Sehemu kubwa kabisa ya chakula cha maisha yake yote kiwavi huyu huila katika siku zake za mwisho, na ndiyo sababu mkulima husema shamba limeliwa usiku mmoja ilhali mlaji amekuwa shambani kwa takribani wiki tatu. Mimi nilikuwa nimefika mwisho wa karamu na kulipia chupa nzima ya sumu.

Si wote wanaokuwa wa kijani. Kati ya wale kumi, wawili waligeuka kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, yenye michirizi ya rangi ya udongo mkavu, na mwanzoni nilidhani ni wa aina nyingine mpaka nilipowaona wakila na kukua sawasawa na wenzao. Watoto wa dada yangu walikuwa wakiiogopa ile pembe wakisema inachoma. Niliwashikisha. Ni laini, haina sumu wala ncha ya kudunga, na baada ya siku mbili mtoto wa miaka sita alikuwa akimbeba kiwavi kwenye kiganja kutoka chumbani hadi uani kwa uangalifu mkubwa kuliko anavyobeba yai.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliacha kula. Rangi yao ilififia, wakaanza kuzunguka ukingo wa ndoo kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwao, na ndani ya nusu siku wakazama kwenye udongo. Nilipofukua kwa kijiko, sentimita chache chini, nilikuta kila mmoja amejitengenezea chumba kidogo chenye kuta laini, na ndani yake, badala ya kiwavi, kuna kile ambacho vitabu vya kilimo hukiita pupa: kitu cha rangi ya kahawia yenye wekundu, kinachong'aa kama mbegu ya ukwaju, chenye mkono uliopinda mbele kama wa birika. Nilikitambua mara moja. Utotoni, baba mkubwa alipokuwa akilima kwa plau la ng'ombe, tulikuwa tukiokota vitu hivi nyuma yake, tunavishika kati ya vidole na kuviuliza ng'ombe waliopotea wako wapi, navyo vinapinda mkia upande huu au ule, nasi tunakimbilia upande ulioonyeshwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemshika mkononi mwangu mla viazi bila kujua, na ule mkono wa birika ni ala ya mrija ambao nondo atautumia kunyonyea maua.

Muda wa kukaa ardhini hutegemea joto. Unaweza kuwa siku tano tu, na unaweza kufikia siku 26. Katika ndoo yangu wa kwanza alitoka siku ya 16, na wa mwisho hakutoka kamwe. Kati ya kumi, watatu hawakuwa nondo: ubavuni mwa mmoja aliyekuwa bado kiwavi, na baadaye katika pupa mbili, walitoka mabuu meupe ya nzi, wakajiviringa kuwa vigaga vya kahawia, na baada ya siku kadhaa vikafunguka wakatoka nzi wa kijivu wenye manyoya magumu mgongoni. Hawa ni nzi wa jamii ya takinidi, ambao watoto wao huishi ndani ya mwili wa kiwavi na kumla akiwa hai. Nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya ndoo ile. Dawa niliyoinyunyiza ilikuwa imewaua nzi wa namna hii pamoja na nyigu wadogo wanaotoboa mayai, yaani vibarua waliokuwa wakinifanyia kazi bila ujira, huku viwavi wakubwa wenyewe wakiwa salama chini ya ardhi.

Nondo aliyetoka siku ya 16 alitoka baada ya magharibi. Alipanda kijiti nilichokisimika kwenye udongo, mbawa zake zikiwa zimekunjamana kama kitambaa kilicholowa, na katika muda wa chai moja zikajinyoosha mpaka zikawa pana karibu kama kiganja changu, za kijivu chenye mistari myeusi, rangi ya gome la mti hasa. Mwili ndio ulionishangaza: kila pingili ya tumbo ina doa la waridi kila upande, lililotengwa na mwenzake kwa mstari mweusi, uzuri ambao haukuonekana mpaka alipofunua mbawa. Kabla ya kuruka alisimama akitetemesha mbawa kwa dakika kadhaa, nami nikadhani ni mgonjwa. Sivyo. Nondo wa familia hii hupasha misuli yao moto kwanza, na kifua chao kikiwa angani hufikia joto la karibu nyuzi 40. Niliweka kidole karibu na kifua chake nikahisi upepo wa mbawa, kisha akaondoka moja kwa moja, bila kuyumba, juu ya paa la jiko.

Baba mkubwa, ambaye siku hizi anavua dagaa, hakushangaa nilipomweleza. Alisema usiku wa giza, wakati karabai zimewashwa katikati ya ziwa na nchi kavu haionekani, nondo wa namna hii huja wakagonga taa na kuanguka ndani ya mtumbwi kati ya dagaa. Ni wasafiri wa kweli. Kila mwaka baadhi yao huondoka Afrika wakavuka bahari ya Mediteranea hadi Ulaya, na wamewahi kufika mpaka Aislandi. Basi mkulima anayesema atawamaliza katika kijiji chake hajawajua, kwa maana shamba linaweza kuwa safi leo na kupokea jike aliyetoka mbali usiku wa kesho.

Kuna jioni moja ambayo ilibadilisha namna ninavyomtazama mdudu huyu, na ningependa kuieleza kwa utulivu. Mama ana mipapai sita nyuma ya nyumba, mitano ni majike na mmoja ni dume, ule wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu na usiozaa. Nilitaka kuukata ule dume ili nipate nafasi, na mama alikataa, akisema marehemu bibi alimwonya kwamba mpapai dume ukikatwa majike hukasirika. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na mipapai hiyo, giza linaingia, ndipo nikasikia mvumo kama wa feni ndogo. Nondo wa kijivu alikuwa amesimama hewani mbele ya ua la mpapai dume, hajatua, mrija wake mrefu kuliko mwili wake umezama ndani ya ua. Alikaa hapo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akahamia ua jingine, kisha jingine, kisha akavuka hadi kwenye mpapai jike na kufanya vivyo hivyo. Watafiti waliochunguza mipapai nchini Kenya waligundua kwamba wachavushaji wake wakuu ni nondo wa familia hii, na miongoni mwao yumo huyuhuyu wa viazi, pamoja na ndugu yake Hippotion celerio, ambaye kiwavi wake tunamkuta kwenye magimbi. Papai ambalo mama alikuwa akinikatia kila asubuhi lilitokana na chavua iliyobebwa gizani na mzazi wa kiwavi niliyetaka kumtia sumu. Bibi hakulijua jina la nondo, lakini alijua kwamba majike yanamhitaji dume, na mpapai ule bado umesimama.

Tangu msimu ule nalima kwa kalenda ya mdudu. Naanza na plau. Ardhi inapopinduliwa kati ya zao na zao, pupa hutupwa juu ya udongo, na yangeyange wanaotembea nyuma ya ng'ombe huziokota kabla jua halijazikausha, pamoja na kuku wa mama ambao wamejifunza kutoka mapema siku za kulima. Kingo nazipalilia kabla ya kupanda. Marando ya mbegu, ambayo kiangazi huwa tunayahifadhi bondeni karibu na maji, nayakagua jani kwa jani kabla ya kuyakata, maana huko ndiko majani mabichi yanakopatikana wakati nchi nzima imekauka, na nondo jike analijua hilo kama sisi tunavyolijua.

Kazi kubwa huwa katika wiki sita za mwanzo. Kiazi kilichokwisha funika matuta kinavumilia kupoteza majani mengi kikayarudisha bila mavuno kupungua sana, ila marando machanga yakiliwa mara moja hadi vikonyo hayana akiba ya kuanzia upya. Hivyo kila baada ya siku mbili, alfajiri au jioni jua likiwa limepoa, mimi na watoto wa dada tunapita kati ya matuta tukitazama chini, tukitafuta vinyesi kabla ya kutafuta viwavi. Vinyesi vidogo kama mbegu za mchicha maana yake yupo na bado ana siku nyingi, na vikubwa kama pilipili manga maana yake aondolewe leo hii. Eka moja hutuchukua muda usiozidi saa moja na nusu. Wanaookotwa hupewa kuku, isipokuwa wale wenye vidoa vyeupe vya mayai ya nzi kwenye ngozi, ambao tunawaacha kwenye ndoo, chini ya chandarua chenye matundu mapana, ili nzi watoke na kurudi shambani. Matuta yakishafunikwa, naacha kuokota. Mzee wa mbuzi alipoona majani yaliyotobolewa mwezi wa tatu wa zao akaniuliza kama nimekata tamaa, nilimwalika arudi siku ya kufukua.

Alirudi. Tulifukua viazi vya aina ya Polista kwenye yale matuta manne ya bondeni, yeye akishika jembe na mimi nikikusanya, na mama alikaa kivulini akichagua vya kuchemsha na kukausha kwa ajili ya matobolwa na vya kukata vibichi na kukausha kwa ajili ya michembe. Chini ya tuta la tatu jembe lilitoa pupa mbili pamoja na kiazi. Mzee alizitazama, akainua moja kati ya vidole, nayo ikapinda mkia kuelekea ziwani. Akaicheka, akaitupia kuku. Ya pili niliitia mfukoni, na jioni nikaifukia kwenye ndoo iliyo chini ya mipapai.